Mashine Moja, Watu Wengi: Tarehe ya Hati na Uchapaji Mjini Bunia

Mwenye kutaka kuandika tarehe ya uchapaji katika mji wa Bunia asitaraji kuona mfululizo wa mashine zikirithiana, mpya ikiifukuza kongwe, kama habari hiyo isimuliwavyo katika vitabu vya Ulaya na Marekani. Atakachokiona ni mashine moja kwa wakati mmoja, ghali na adimu, na watu wengi wameizunguka, kila mmoja na hati yake mkononi, wakingojea zamu. Mji huu ulioko baina ya msitu wa Ituri na Ziwa Albert haukupata kukosa watu wa kuandika wala mambo ya kuandikwa. Ulichokosa ni wingi wa vyombo, na kwa sababu hiyo palikuwa daima na mtu, awe karani, awe daktilo, yaani mpiga chapa, awe kijana wa sekretaria, aliyesimama baina ya mwenye hati na mashine. Mtu huyo alikuwa na kazi mbili ambazo watu hawakuwa na haja ya kuzitenga, nazo ni kupanga zamu na kutunza siri. Makusudi ya makala hii ni kueleza jinsi kazi hizo zilivyozaliwa, zilivyohama mkono hata mkono, na jinsi ile ya kwanza ilivyochukuliwa mwishowe na kisanduku kidogo kiitwacho seva ya printa, ambacho huiunganisha printa moja na kompyuta za ofisi nzima kwa njia ya mtandao.

Maandishi hayakungojea kuja kwa Wazungu ili yafike Ituri. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa Unguja na pwani, waliokwisha kujiimarisha katika nchi ya Manyema, ilisonga kaskazini ikitafuta pembe za ndovu hata ikaingia ndani ya msitu, na Stanley alipopita humo mwaka 1887 akienda kumtafuta Emin Pasha, aliwakuta baadhi ya wafanyabiashara hao, Ugarrowwa na watu wa Kilonga-Longa, wamekwisha jenga vituo vyao. Misafara hiyo iliwaachia wenyeji lugha, na pamoja na lugha ikaja desturi ya pwani ya kumheshimu mtu ajuaye kutia maneno katika karatasi. Kule Unguja kwenyewe uchapaji ulikuwa umeshika mizizi: wamisionari wa UMCA walifika na mashine yao mwaka 1864, naye Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, akafungua matbaa ya Kisultani ambayo yapata mwaka 1880 ilianza kutoa vitabu vikubwa vya sheria ya madhehebu ya Kiibadhi. Lakini matbaa ni mzigo mzito, nao wapagazi walikuwa na pembe za kubeba. Bara lilipata barua za mkono tu, na aliyeziandika kwa niaba ya wengine ndiye wa kwanza kupewa madaraka yale mawili, kwa kuwa yeye alijua nani aandikiwe kwanza, na alijua pia kila kilichoandikwa.

Kilichoileta mashine ni dhahabu. Mwaka 1903 watafutaji wawili kutoka Australia, Hannan na O'Brien, waliiona dhahabu katika vijito vya upande wa Kilo, na kutoka hapo yakazaliwa machimbo ya Kilo na Moto, ambayo mwaka 1926 yalitiwa chini ya kampuni iliyojulikana kwa jina la SOKIMO, na mwaka 1966, katika utawala wa Mobutu, yakageuzwa kuwa shirika la serikali likaitwa OKIMO. Machimbo makubwa hayaendi bila karatasi: orodha za vibarua, posho, mikataba, hesabu za chakula, taarifa za wagonjwa, na juu ya yote mizani ya dhahabu yenyewe, ambayo hapana bwana angekubali isiandikwe mara mbili au tatu. Bunia, iliyokua si mbali na machimbo hayo na baadaye ikachukua makao ya utawala yaliyokuwa Irumu, ikawa mji wa makarani. Chombo chao kilikuwa mashine ya kupigia chapa, na njia yao ya kuzidisha nakala ilikuwa karatasi ya kaboni. Karani alizipanga karatasi nyembamba na kaboni katikati yake, akaziingiza kwenye gurudumu la mashine, akapiga kila herufi kwa nguvu ili alama ipenye hata chini. Ya kwanza ilitoka nyeusi, ya pili ya kadiri, na kuanzia ya nne msomaji alilazimika kukisia, wala haikuwa vigumu kutambua ni nani miongoni mwa wahusika angepewa nakala ya mwisho.

Upande wa pili walikuwapo wamisionari. Rethy, katika nyanda za juu za Ituri, misheni ya AIM ilikuwa na kiwanda chake cha chapa kilichotoa vitabu vya dini na vya shule katika lugha za jimbo, na Wakatoliki nao, ambao jimbo lao lilianza kwa jina la Ziwa Albert kabla ya kuitwa Bunia, walikuwa na shule nyingi zilizohitaji mitihani, nyimbo na matangazo. Kiwanda cha chapa, hata hivyo, hakimfai mwalimu anayetaka nakala 60 za maswali ya hesabu kesho asubuhi. Kilichomfaa ni roneo, mashine ya kuzungusha kwa mkono iliyotokana na maarifa ya stensili ambayo David Gestetner aliyapatia hataza mjini London mnamo 1881. Daktilo aliuondoa utepe wa wino katika mashine yake, akaipiga stensili, karatasi laini iliyopakwa nta, hata herufi zikaitoboa nta. Akiteleza alipaka tone la rangi maalumu juu ya kosa, akapuliza likauka, akapiga upya. Kisha stensili ilivikwa juu ya pipa lenye wino, mpini ukazungushwa, na kila mzunguko ukatoa ukurasa mmoja. Ajabu ya chombo hiki ni kuwa kazi ilipokwisha stensili yenyewe ilibaki ikisomeka, na kwa hiyo mwalimu mwangalifu alipopiga mtihani hakuondoka chumbani kabla hajaichoma. Siri na mashine zimekuwa pamoja tangu siku nyingi.

Baada ya uhuru wa Kongo wa tarehe 30 Juni 1960 serikali zilibadilika kwa kasi, na kila badiliko lilishuka mpaka kwenye meza ya daktilo. Mwaka 1962 Kibali-Ituri ilifanywa mkoa, na mwaka 1966 mkoa huo ukafutwa, Bunia ikarudi kuwa makao ya wilaya tu chini ya Kisangani. Mnamo Juni 1999, nchi ikiwa imegawanyika kwa vita, jenerali wa jeshi la Uganda akatangaza mkoa tena na kumteua gavana. Na mwaka 2015 Ituri ikawa mkoa kwa mujibu wa katiba, kama ilivyo leo. Watu wa nje huyasoma mambo haya kama siasa, lakini mjini yalikuwa vilevile mambo ya vichwa vya barua na mihuri: mwenye cheti cha mwaka huu hakuwa na hakika kuwa kingekubaliwa mwaka ujao, naye alipaswa kurudi kwa mpiga chapa ili hati yake iandikwe upya kwa jina la mamlaka mpya. Katika hali hiyo ndipo ilipostawi biashara ya sekretaria, yaani kibanda au chumba kimoja kando ya barabara ambamo mtu asiye na ofisi hupata huduma ya ofisi: maombi ya kazi, mkataba wa kiwanja, barua kwa chifu, mwaliko wa arusi, nakala ya cheti cha ubatizo. Mwenye sekretaria alirithi yote mawili ya yule karani wa kale. Foleni ilikuwa mlangoni pake, na mambo ya nyumba za watu yalipita chini ya macho yake.

Katika miaka ile ya mwanzo baada ya uhuru, mbali sana na Ituri, watu wengine walikuwa wakisumbuliwa na tatizo lilelile kwa sababu tofauti kabisa. Katika maabara ya kampuni ya Xerox mjini Palo Alto, Marekani, Gary Starkweather alikuwa ametengeneza katika miaka ya mwanzo ya 1970 printa iliyochora ukurasa kwa mwali wa leza, yenye kasi ya yapata ukurasa mmoja kwa sekunde. Na wenzake walikuwa wameunda kompyuta ndogo ambazo kila mtafiti alitaka kuwa na yake. Kompyuta zilikuwa nyingi, printa ilikuwa moja, wala hapakuwa na fedha ya kumpa kila mmoja leza yake hata katika nyumba ya matajiri kama ile. Mwaka 1973 Robert Metcalfe, akisaidiwa na David Boggs, akabuni njia ya kuziunganisha kompyuta hizo zote kwa waya mmoja ili zizungumze zenyewe kwa zenyewe na zifike kwenye printa ile, akaiita Ethernet. Ni jambo la kuzingatia kwamba mtandao unaotumika leo katika ofisi za ulimwengu mzima ulibuniwa, kwa sehemu kubwa, kwa ajili ya kugawana mashine moja ya kuchapa. Ufukara wa vyombo ulikuwa mwalimu wa Palo Alto kama ulivyokuwa mwalimu wa Bunia.

Leza ikateremka bei. LaserJet ya kwanza ya Hewlett-Packard ilitoka mwaka 1984 kwa dola 3,495 ikichapa kurasa 8 kwa dakika, na mwaka 1991 kampuni hiyo ikatoa kadi iliyoitwa JetDirect, ambayo kwayo printa ilipata anwani yake katika mtandao na kusimama peke yake, pasipo kutegemea kompyuta ya mtu. Baada ya kadi vikaja visanduku vya nje, vilivyofanya kazi hiyohiyo kwa printa ambazo hazikuzaliwa nayo, na viwanda vingine vikafuata, hata bei ikawa ndogo kuliko ile ya printa yenyewe. Lakini mwaka huo wa 1991 Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa katika njia nyingine: mwezi wa Septemba askari wasiolipwa walianza uporaji Kinshasa, fedha ya nchi ikaporomoka, na ofisi za serikali mikoani zikaendelea na mashine zilezile za kupigia chapa ambazo vifaa vyake vilikuwa vimekwisha kukosekana.

Kisha ikaja vita ya Ituri, ambayo haifai kusimuliwa kwa ufupi wala haikustahili kusahauliwa. Jeshi la Uganda lilipoondoka Bunia mapema Mei 2003, makundi yenye silaha yaliupigania mji, watu wakauawa, na maelfu wakakimbia au wakajikusanya karibu na kambi ya Umoja wa Mataifa na uwanja wa ndege. Kwa azimio nambari 1484 la tarehe 30 Mei likaletwa jeshi la Ulaya likiongozwa na Ufaransa, lililokaa hata mwanzoni mwa Septemba, na baada yake Umoja wa Mataifa ukaongeza askari wake. Nyuma ya askari walikuja watu wa misaada, na hao walikuja na jenereta, madishi ya setilaiti na ofisi zenye kompyuta nyingi kwa printa chache. Hapo ndipo vijana wengi wa mji walipoiona kwa mara ya kwanza kazi ya kuvuta nyaya, kubana vichwa vyake na kugawa anwani, na maarifa hayo yakashuka kutoka ofisi za wageni hadi shuleni, zahanati na sekretaria za Bulevadi ya Libération na mitaa kama Lumumba na Nyakasanza.

Yafaa sasa tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, maana humo ndimo tabia ya mji inamojidhihirisha. Kisanduku aghalabu hununuliwa Kampala pamoja na bidhaa nyingine za Bunia, na dalili ya safari hiyo ni plagi yake ya meno matatu ya bapa, ambayo haiingii katika matundu mawili ya mviringo ya soketi za Kongo. Kitu cha kwanza cha kutafuta basi si programu bali adapta. Kisha waya wa USB hutoka printa kwenda kwenye kisanduku, na waya wa mtandao hutoka kisanduku kwenda kwenye swichi, ambako nyaya za kompyuta zote hukutana. Fundi hufungua ukurasa wa kisanduku katika kompyuta mojawapo, na jambo la kwanza alifanyalo, ikiwa ni mjuzi, ni kukinyima uhuru wa kuomba anwani na kukipa anwani ya kudumu. Ruta ikigawa, kwa mfano, anwani zinazoishia na 100 hata 199, yeye atakipa 192.168.1.250, mbali na mgao huo.

Huko kwenye umeme usiokatika fundi aweza kupuuza jambo hili na asione hasara kwa miezi. Bunia ni kinyume. Umeme wa Budana, katika mto Shari, ulijengwa kwa ajili ya machimbo ya dhahabu, na mji umeishi kwa sehemu yake, kwa jenereta na kwa mabamba ya jua; unapokatika na kurudi, vyombo vyote huamka pamoja na kuomba anwani upya, na kisanduku kisicho na anwani ya kudumu huweza kuamka na anwani nyingine. Kompyuta zitaendelea kuipelekea ile ya zamani kurasa zisizofika, karani atasema printa imekufa, na printa i nzima. Baada ya anwani kila kompyuta huelezwa njia ya kufikia: ama lango nambari 9100, lile la JetDirect, ambalo huzipokea kurasa moja kwa moja, ama utaratibu wa kale wa foleni uliotoka Chuo Kikuu cha Berkeley na kuandikwa rasmi mwaka 1990, ambao hutaka pia jina la foleni, na herufi moja ikikosewa katika jina hilo hapana kitakachotoka. Mwisho huwekwa programu ya printa yenyewe, na hapa wengi wameingia hasara, kwa kuwa printa nyingi za bei nafuu haziwezi kuuchora ukurasa pasipo kompyuta kuzungumza nazo na kujibiwa, nacho kisanduku cha kawaida hupeleka zaidi maneno ya kwenda kuliko ya kurudi. Aliyeshauriana na fundi kabla ya kununua printa husalimika.

Faida ya kisanduku katika mji wa umeme wa kupimwa si haba. Kabla yake njia ya kugawana ilikuwa kuifunga printa kwenye kompyuta ya mtu mmoja na kuwaruhusu wengine kupitia kwake, ikawa lazima kompyuta hiyo iwake mchana kutwa ikila umeme, na mwenyewe asiondoke na ufunguo. Kisanduku hutosheka na wati chache. Njia ya pili ilikuwa kubeba kazi katika flashi kutoka mashine hata mashine, na virusi vikibebwa pamoja nayo. Leza, ambayo hupasha moto kwa mamia ya wati ili kuyeyusha tona, haipaswi kuwekwa kwenye betri, basi ofisi huiwasha saa za jenereta tu. Na kwa kuwa kumbukumbu ya kisanduku ni ndogo, kurasa hubaki zikingoja ndani ya kompyuta zenyewe hata printa itakapoamka, hapo zikaingia moja baada ya moja kwa jinsi zinavyopokelewa. Mkurugenzi na mlinzi huwekwa katika safu moja. Hilo halikupata kuonekana katika enzi ya kaboni.

Ila kisanduku kimechukua nusu tu ya wadhifa wa karani. Hupanga zamu, wala hakijui siri; kurasa za watu wote huanguka katika trei moja, za huyu juu ya za mwenzake, na anayefika kwanza huzisoma zote. Msimu wa wanafunzi kuweka kazi zao za mwisho, ambazo wao huziita TFC, katika Chuo Kikuu cha Bunia au Chuo Kikuu cha Shalom, kilichoanza mwaka 1961 kama taasisi ya theolojia, hasara ya jambo hilo huwa ni kurasa kuchanganyika tu, na mtu akaweka sura ya tatu ya mwenzake katikati ya yake. Lakini katika printa hiyohiyo ya ofisi hutoka matokeo ya maabara, orodha za waliohama makwao, ushahidi utakaopelekwa mahakamani, majina na vijiji vya waliosema. Katika mji ambao jina la mtu na ukoo wake umewahi kuwa sababu ya kuuawa, karatasi ya namna hiyo kulala trei saa nzima si uzembe mdogo, na mwalimu yule aliyesimama akingoja stensili iishe kuungua alilifahamu hili pasipo kufundishwa na mtu.

Visanduku hivi navyo vinapita. Printa za leo huzaliwa na mtandao ndani yake, nazo zapokea kazi kutoka kwenye simu pasipo waya, na huenda baada ya miaka michache fundi wa Bunia akaacha kabisa kununua seva ya printa. Lakini hesabu ya msingi haijabadilika, maana mashine zingali chache na watu wangali wengi, na kila chombo kipya hujitolea kubeba ile kazi nyepesi ya zamu na kuiacha amana pale ilipokuwa. Kwa hiyo ofisi inayotaka kuiweka sawa printa yake ya mtandao, ikimaliza anwani, lango na programu, ina jambo moja zaidi la kuamua ambalo halimo katika kijitabu cha maelekezo: nani, kwa jina, atawajibika kwa trei. Bunia ilikuwa na mtu huyo kwa miaka mia moja, ikamlipa kwa kazi ya vidole vyake, na thamani yake kubwa ilikuwa katika ulimi wake kunyamaza.